Nyasi haikuchomwa na mzee, ilichomwa na video yangu

Kama ulikuwa unanifuata mwaka jana, labda unaikumbuka ile video ya gorogoro. Mimi nimesimama mbele ya nyumba yetu hapa Kahawa Sukari, gorogoro ya urea mkononi, narusha kama mtu anayelisha kuku. Halafu video inaruka siku saba mbele na nyasi imekuwa kijani mpaka inaelekea buluu. Juu yake maandishi makubwa: "Gorogoro moja tu, siku saba tu." Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Nimeifuta. Lakini kufuta kimya kimya ni tabia mbaya, kwa hivyo wacha niwaambie kilichotokea.

Mzee anayetukatia nyasi huja kwetu Jumatano. Siku zingine ana nyumba nyingine tatu kwenye barabara yetu hii hii, kila moja inamlipa kwa mwezi. Mwisho wa Januari alikuja amenyamaza, na huyu si mtu wa kunyamaza, huwa anaanza siasa kabla hajafika getini. Nikampelekea chai, nikamuuliza, "Mzee, kuna shida?" Akacheka kidogo. "Shida ni wewe, kijana wangu. Ile kitu yako ya simu imenikata elfu tatu."

Kumbe jirani mmoja, ambaye simtaji na msiniulize inboksi, alikuwa ameona video. Akanunua urea, akamwambia mzee airushe. Mzee akamwambia, "Mama, mvua haijanyesha tangu Krismasi, na maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki. Hii ingoje." Akaonyeshwa simu. Yaani akaonyeshwa mimi, nikitabasamu. Basi akarusha. Siku ya nne uwanja ukawa na mistari ya rangi ya chai, kila mahali mkono wake ulipopita. Ukisimama kwa ngazi za mlango unahesabu mitupo yake mmoja mmoja, kama nyayo za mwizi. Kwa mwenye nyumba huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba mzee hajui kazi, na pesa ya miche mipya ikatoka kwa mshahara wake.

Kabla mtu hajaandika "bro ni nyasi tu", elfu tatu kwa huyu mzee ni unga, ni karo, ni nauli ya mwezi. Mimi ile video iliniletea wafuasi.

Sasa hebu tuelewane mbolea ya nitrojeni inafanya nini kwa nyasi, maana hili ndilo sikulijua wakati narekodi. Mimi nilikuwa nadhani mbolea ni kama ugali: ongeza, mtu anenepe. Nimekaa wiki mbili nikisoma na nikiuliza watu wanaojua, na nusu ya nilichokuwa nasema kwa kujiamini kilikuwa hewa.

Ile nusu nyingine ilikuwa kweli. Rangi ya kijani inatokana na klorofili, na kila molekuli ya klorofili imeshika atomi nne za nitrojeni. Protini za jani nazo zinajengwa kwa nitrojeni. Ndiyo maana nyasi yenye njaa huanza kugeuka njano kwa majani ya chini, yale ya zamani: mmea unaitoa nitrojeni huko na kuipeleka kwa majani machanga, kama mama anayemwachia mtoto nyama. Ukiipa mbolea, inajibu haraka sana, na mabadiliko yanaonekana ndani ya siku chache. Kwa hivyo kile kijani cha siku ya saba hakikuwa cha kuchora na programu. Shida ilikuwa chini ya ardhi, mahali simu haifiki.

Nyasi ina mfuko mmoja wa sukari, ile inayotengenezwa na jani kwa jua. Mfuko huo ndio unaolisha majani na ndio unaolisha mizizi. Ukimwaga nitrojeni nyingi kwa ghafla, karibu sukari yote inaitwa juu kutengeneza majani, mizizi inabakiziwa makombo. Wakati wa mvua hutajua, kwa sababu maji yako hapo juu juu. Njoo Januari na Februari, udongo ukikauka kutoka juu kwenda chini, ndipo utaona ni nyasi ya nani ina mizizi mirefu na ni ya nani ilikuwa imevaa suti ya kukodi.

Halafu kuna kuungua kwenyewe. Umeshawahi kukata vitunguu vya kachumbari, ukaweka chumvi, ukarudi baada ya dakika kumi ukakuta maji chini ya bakuli? Hicho ndicho kilichotokea kwa jirani. Urea iliyeyuka kwenye ule unyevu kidogo uliokuwa umebaki, maji ya udongo yakawa makali, na badala ya mzizi kuvuta maji, maji yakavutwa kutoka kwa mzizi. Ile ambayo haikuyeyuka ikalala juu, ikageuka amonia, ile harufu ya choo cha steji, ikapaa. Kwa maneno mengine alilipa pesa, sehemu moja ikachoma nyasi na sehemu nyingine ikaenda angani.

Na kama una mbwa, jaribio hili unalo uani bila kujua. Angalia pale mbwa anapokojoa kila siku: katikati kuna kiraka kilichokufa, na kukizunguka kuna mviringo wa nyasi ndefu ya kijani kibichi kuliko uwanja wote. Mkojo una urea. Katikati imezidi, imeua. Pembeni imefika kidogo, imelisha. Kitu ni kile kile, tofauti ni kiasi. Nimeishi na mbwa wetu miaka tisa nikimfokea kwa hicho kiraka, kumbe alikuwa ananifundisha kemia.

Mbona basi kwetu haikuungua? Mvua. Mimi nilirusha Novemba, vuli imekolea, jioni baada ya jioni inanyesha. Mvua iliokoa nyasi na ikaniokoa mimi, halafu nikajisifu kwa kazi ya mawingu. Juzi nilichukua futi ya fundi nikapima uwanja wetu: mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Kiwango ambacho watu wa viwanja vya nyasi huanzia ni kama gramu 5 za nitrojeni kwa mita moja ya mraba, kwa mara moja. Urea ni nitrojeni asilimia 46. Piga hesabu: uwanja wetu ulitaka kama nusu kilo ya urea. Gorogoro yangu, ilivyojaa, ilikuwa karibu kilo mbili. Mara nne! Na uwanja wa jirani ni kama nusu ya wetu, kwa hivyo yeye alipata mara nane, katika kiangazi, bila maji. Nyasi ingefanya nini?

Na ile ya ziada kwetu ilienda wapi? Hili swali linanikosesha amani zaidi. Urea kwenye udongo wenye unyevu hugeuka amonia, halafu bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitreti. Naitreti haishikwi na udongo. Mvua ikipita inaibeba, chini kwa maji ya ardhini au pembeni kwa mtaro na mtoni. Ikifika mtoni au ziwani inalisha mwani na magugu maji badala ya nyasi yako. Na ikifika kwa kisima? Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kukorogwa na maji, maana inapunguza uwezo wa damu yao kubeba oksijeni. Sisemi visima vya hapa vimeharibiwa na nyasi za watu. Nasema kuna watu mitaa hii wanakunywa maji ya kisima cha uani, na mimi niliwaambia maelfu ya watu wamwage mara nne.

Shosho yangu ana shamba dogo kule Gatundu. Akipanda mahindi anapima mbolea kwa kisoda, kila shimo kisoda chake, na ukizidisha anakupiga jicho. Mwaka 2023 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500, na bado anauhesabu mfuko kana kwamba ni dhahabu. Mjukuu wake, ambaye amesoma, anarusha kwa konzi. Nilimwonyesha ile video wakati ule. Alisema tu, "Na hiyo mtakula lini?" Nilicheka nikadhani ni mzaha wa kizee.

Sasa tufike mahali ninapotaka ugomvi.

Hapa mtaani kwetu tumeamua nyasi ya kijani ni cheti. Ni kama geti jeusi lenye mikuki ya dhahabu. Mtu anajenga, fundi anaacha uani kokoto, saruji iliyomwagika na murram iliyoshindiliwa na lori, tunatandaza inchi mbili za udongo mwekundu juu yake, tunapanda nyasi, halafu tunashangaa kwa nini haina rangi. Jibu letu kwa kila kitu ni mbolea. Na tukishairusha, hatuhesabu kazi inayozaliwa.

Nitrojeni ni kazi, jamani. Nyasi iliyokuwa inakatwa kila baada ya wiki mbili sasa inataka kila wiki, kwa sababu haifai kukata zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, ukizidisha unaiacha mabua. Kwa hivyo kila gorogoro ni Jumatano nyingine ya mzee na mashine, au na slasha kama mashine imeharibika. Je, mshahara wa mwezi uliongezeka? Sijasikia nyumba hata moja kwenye barabara yetu iliyosema, mzee, nimerusha CAN, kazi yako imekuwa mara mbili, hii hapa nyongeza. Kwetu pia hatukusema. Nilimuuliza mama akaniangalia kama ninaongea Kichina.

Na nyasi yenyewe tunayoisumbua ni gani? Nyingi hapa ni nyasi ya Kikuyu. Dunia nzima inaiita hivyo, kwa sababu ni ya hapa, nyanda za juu za Afrika Mashariki. Imepelekwa Afrika Kusini, Australia, California. Kule Los Angeles uwanja wa gofu wa Riviera, ule wa mashindano ya kwenye runinga, unachezewa juu ya nyasi ya Kikuyu. Na serikali ya Marekani hiyo hiyo imeiorodhesha kama gugu hatari, kwa jinsi inavyosambaa. Huyu ni mmea ulioishi karne nyingi chini ya kwato za ng'ombe, ukipata mbolea kwa vipande, leo samadi hapa, kesho mkojo pale. Nitrojeni inaipenda sana, sitadanganya. Lakini ukiilisha kupita kiasi inajitandika tabaka juu ya tabaka, shina juu ya shina, mpaka ukikanyaga unahisi godoro. Juu kijani, chini kahawia imekufa, maji yanakwama katikati. Ukija kuikata chini unabaki na uwanja wa kahawia, halafu nani analaumiwa? Mnamjua.

Halafu angalia tunavyofanya. Mzee akimaliza kukata, tunamwambia azoe majani yote, ayatie kwa gunia, yaende kwa kona ya barabara. Yale majani yakikauka ni nitrojeni asilimia 3 hadi 4. Ukiyaacha yaoze pale pale, mradi yamekatwa mafupi, yanaweza kurudisha karibu robo ya nitrojeni ambayo uwanja unahitaji. Bure. Sisi tunayatupa, kisha tunaenda agroveti kununua.

Ya pili inaniuma hata zaidi. Kuna klova ndogo yenye maua meupe inayoota yenyewe katikati ya nyasi ya Kikuyu, kwa asili ni ya milima yetu hii hii. Australia walichukua mbegu zake, wakatoa aina wakaiita Safari, wanaipanda makusudi malishoni. Mizizi yake ina vijinundu vyenye bakteria wanaochukua nitrojeni kutoka hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, na kuigeuza chakula cha mmea. Kazi hiyo hiyo viwanda vinaifanya kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, tangu Wajerumani Haber na Bosch waipatie njia mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi tunamlipa mzee ainame jua kali aing'oe kwa sababu "inaharibu picha". Nilimwambia hivyo mimi mwenyewe, Agosti, kabla ya kurekodi video nyingine.

Najua kuna mtu tayari anachapa, "Basi tuache mbolea kabisa." Hapana. Nyasi inayokatwa na kuzolewa mwaka mzima bila kurudishiwa chochote inachoka, inakuwa nyembamba, na magugu yanaingia pale penye mwanya. Mbolea ina mahali pake. Kuna na wale wa samadi tu. Samadi iliyooza vizuri ni nzuri, inatoa nitrojeni polepole na inasaidia udongo wetu wa mjengo, ila ikija mbichi kwa kanta inakuja na mbegu za magugu ya malisho yote ya huko ilikotoka, na utanikumbuka.

Ninachosema ni kwamba usirushe kabla hujapima uwanja. Mita 10 kwa 10 inataka kama kilo moja ya urea, au kama kilo mbili za CAN, kwa sababu CAN ina nitrojeni asilimia 26 hivi. Mwambie mwenye agroveti akupimie kwa mizani, wana mizani. Igawe mara mbili, nusu ukirusha ukienda, nusu ukikatiza, ndiyo usipate mistari. Nyasi iwe kavu juu ili chembe zisigande kwa majani, udongo uwe na unyevu chini, na maji yafuate siku hiyo hiyo, ya mfereji au ya mawingu. Kama maji hakuna, ngoja. Machi haiko mbali. Kati ya hizo mbili mimi sasa nachagua CAN, kwa sababu haipai hewani kwa urahisi kama urea na ina chokaa kidogo ndani. Urea mwaka baada ya mwaka inaongeza asidi kwenye udongo. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna uwanja wa nyasi ambao wamekuwa wakiujaribia mbolea tangu 1856, na vipande vilivyopewa nitrojeni ya amonia bila chokaa viligeuka asidi kali, vikabakiwa na aina chache tu za mimea. Imechukua miaka mingi, ndiyo, lakini na sisi si tunajenga nyumba ya kukaa?

Na kama mtu anayekufanyia kazi amekwambia ngoja mvua, ngoja mvua. Mzee huyu hajui neno naitreti. Alijua tu kwamba udongo umekauka na mbolea ni moto, na hiyo ilitosha kuokoa uwanja ule kama angesikizwa. Aliyekuwa na simu ndiye aliyeaminiwa, na aliyekuwa ndani ya simu alikuwa mimi, ambaye sijawahi kukata nyasi mwezi mzima mfululizo maishani mwangu.

Nilienda kwa jirani na mama yangu, kwa sababu kwenda peke yangu ningeonekana nina kiburi. Nikamweleza hesabu, nusu kilo, gorogoro, mara nane. Alinisikiliza vizuri, akanipa hata juisi. Alikubali kwamba video ilikuwa mbaya. Kuhusu elfu tatu alisema ataongea na mzee. Hiyo ni wiki ya tatu sasa, na kufikia Jumatano iliyopita hajaongea naye. Mimi nilimpa mzee elfu moja na mia tano, nikamwambia hiyo ni yangu, ile ya kwake bado anadai. Akazihesabu, akaweka kwa mfuko wa shati, akasema nyasi ya jirani itapona yenyewe mvua ikianza, mashina ya chini hayajafa, ila hakuna mtu amemuuliza.

Nimemuuliza mimi. Mvua za kwanza zikianguka tutapima uwanja wetu, tutapima CAN kwa mizani, na yeye ndiye ataongea kwa video. Amekubali kwa masharti mawili: alipwe siku hiyo kama siku ya kazi, na nisiweke muziki.